Wasomaji Wanauliza: Tina Turner

Jibu letu fupi la toleo lililopita, kwamba Tina Turner alikuwa mwimbaji wa rock na si wa soul peke yake, limetuletea barua nyingi. Tumechagua hizi.

Mmesema rock. Ushahidi uko wapi? Mimi nyimbo zake nazisikia kwenye vipindi vya zilipendwa tu. (Msomaji, Dodoma)

Tuanzie kwenye tuzo. Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ya mwimbaji bora wa kike wa rock aliichukua mara nne: 1985, 1986, 1987 na 1989. Jumba la heshima la rock and roll la Marekani lilimwingiza mara mbili, 1991 pamoja na Ike Turner, aliyekuwa mumewe na kiongozi wa bendi yao, na 2021 peke yake. Na uisikilize "Nutbush City Limits" ya 1973, ambayo aliiandika mwenyewe kuhusu kijiji alikokulia Tennessee. Lile gitaa la mwanzo halihitaji wakili.

Shikamooni wahariri. Ni kweli alimkimbia mumewe akiwa na senti 36? Fedha zote zile za maonyesho zilikwenda wapi? (Msichana wa Morogoro)

Marahaba. Ni kweli. Ilikuwa Julai 1976, mjini Dallas. Walipigana ndani ya gari wakitoka uwanja wa ndege kwenda hotelini. Ike alipopitiwa na usingizi, Tina alitoka kimyakimya, akavuka barabara kuu kwa miguu magari yakipita kwa kasi, akaingia hoteli ya Ramada Inn na kuomba chumba. Alikuwa na senti 36 na kadi ya kununulia mafuta ya Mobil.

Fedha zilikuwa kwa Ike. Bendi ilikuwa yake, studio yake, mikataba ilipita mkononi mwake, na mwimbaji hakuwa na fungu lake. Hata jina halikuwa lake. Alizaliwa Anna Mae Bullock, 26 Novemba 1939. Wimbo "A Fool in Love" ulipotoka mwaka 1960, Ike ndiye aliyeandika "Ike & Tina Turner" kwenye lebo, ilhali walioana 1962. Jina hilo alilisajili kwa hesabu ya kibiashara: huyu akiondoka, ataletwa mwanamke mwingine aitwe Tina, na maonyesho yaendelee.

Ndiyo maana talaka ilipokamilika Machi 1978, Tina aliachia karibu kila kitu akabaki na magari mawili aina ya Jaguar na jina. Wapo waliomwona mjinga. Sisi tunaona ndiyo hesabu kali kuliko zote alizowahi kupiga, kwani hakuna promota ambaye angemlipa Anna Mae Bullock, lakini Tina Turner alikuwa na miaka 16 ya kutangazwa. Pamoja na jina alirithi madeni ya maonyesho yaliyovunjika alipoondoka, kwa kuwa mapromota walimdai yeye. Ndipo zikaja kazi za kumbi za hoteli Las Vegas na vipindi vya televisheni, na kuna kipindi familia ilikula kwa kuponi za chakula za serikali.

Basi aliwezaje kurudi juu akiwa na miaka 44, wakati wenzake wa rika lake walikuwa wameshasahauliwa? (Fundi redio, Tabora)

Albamu mbili za kwanza baada ya talaka, "Rough" (1978) na "Love Explosion" (1979), zilidoda. Kisha akampata meneja Mwaustralia, Roger Davies. Huyu alivunja bendi ya mtindo wa hotelini, akaondoa mavazi ya mng'aro mwingi, akaweka vijana wa gitaa. Mwaka 1983 David Bowie, nyota wa rock wa Uingereza, aliwaambia wakubwa wa kampuni yake ya rekodi kwamba usiku ule anakwenda kumtazama mwimbaji anayempenda kuliko wote. Nao wakaenda.

Mlango hata hivyo ulifunguka Uingereza kabla ya Marekani, na sababu yake ni ya zamani. "River Deep – Mountain High" ya 1966 iliishia namba 88 kwenye chati ya Marekani, lakini Uingereza ilifika namba 3, na mwaka huohuo akazunguka huko na bendi ya Rolling Stones. Waingereza hawakuwa wamemsahau. Mwishoni mwa 1983 toleo lake la "Let's Stay Together" likafika namba 6 kwao, na kampuni ikataka albamu haraka.

"Private Dancer" ilirekodiwa kwa takriban wiki mbili. Iliwezekana kwa sababu kazi iligawanywa: watayarishaji kadhaa, kila mmoja na nyimbo zake, na Tina akitoka kwa huyu kwenda kwa yule kutia sauti. Wimbo uliobeba jina la albamu ulikuwa wa Mark Knopfler wa Dire Straits, aliyeona maneno yake hayamfai mwanamume kuyaimba. Wenzake wa bendi waliupiga bila yeye, na solo ya gitaa ikapigwa na Jeff Beck. "What's Love Got to Do with It" Tina aliukataa mwanzoni kwa kuuona laini mno. Terry Britten, mmoja wa watunzi wawili, alikubali kuurekebisha ufuate sauti yake. Septemba 1984 ukakaa namba 1 Marekani wiki tatu.

Bendi yetu hupiga "Proud Mary" kwenye harusi, lakini watu hawasisimki. Tunakosea wapi? (Mpiga besi, Mombasa)

Tukibahatisha, mnaanza haraka mno. Wimbo ni wa bendi ya Marekani Creedence Clearwater Revival, 1969, nao waliupiga kwa mwendo mmoja. Ike na Tina (1971, namba 4 Marekani) waliukata vipande viwili, na utamu wote umo katika tofauti ya vipande hivyo.

Wekeni metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mwendo, kwenye mapigo 85 kwa dakika kwa sehemu ya kwanza na 170 kwa ya pili. Ikiwa mara mbili kamili, mpiga drams hapotei. Mkianzia 110, mtakuwa hamna pa kwenda. Sehemu ya kwanza iwe gitaa, besi na sauti nzito ya kiume ikijibu chini chini. Drams ziguse tu. Mwimbaji azungumze na watu kabla ya kuimba, na asitoe zaidi ya nusu ya sauti yake.

Kwenye mpito ndiko bendi nyingi huanguka: mpiga drams anaruka kabla ya mwimbaji. Kubalianeni ishara moja, mkono juu kwa mfano, na macho yote yawe kwake. Tarumbeta na saksafoni ziingie pamoja kwenye mpigo wa kwanza wa kasi. Kama hamna, kinanda kifanye kazi hiyo. Tena, wachezaji wasianze kucheza mapema. Wasimame tuli hadi kasi ibadilike.

Ninataka sauti ya mikwaruzo kama yake. Nikijaribu, kesho yake sauti imekauka. (Mwanakwaya, Bukoba)

Unakwaruza kwa kukaba koo. Mikwaruzo salama huongezwa juu ya sauti iliyokwisha kukaa sawa, pumzi ikisukumwa kutoka tumboni. Imba mstari kwa sauti safi kwanza, kisha tia mkwaruzo kwenye neno moja au mawili, si mstari mzima. Ukisikia mchomo au kuwashwa, acha siku hiyo. Shusha ufunguo pia: Tina alikuwa na sauti nene, na wengi wanaomwiga huumia kwa kupiga kelele juu kuliko alipokuwa yeye. Kunywa maji siku nzima, siyo dakika kumi kabla ya ibada. Usinong'one ukikaukiwa, nyamaza kabisa. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu, nenda kwa daktari wa koo.

Aliugua nini hasa? Nasikia presha. (Muuguzi mstaafu, Iringa)

Presha iliyoua figo. Alijua anayo kwa miaka mingi bila kuitilia maanani, kisha akaacha vidonge vya hospitali na kugeukia homeopathi, tiba mbadala ya dawa zilizozimuliwa mno. Alipopimwa tena, figo zilikuwa zimeharibika kiasi cha kutorudi. Kiharusi kilimpata wiki chache baada ya kufunga ndoa na Erwin Bach mwaka 2013, saratani ya utumbo ikafuata 2016, na Aprili 2017 Bach akampa figo yake moja. Alifariki Küsnacht, Uswisi, 24 Mei 2023, akiwa na miaka 83.

Wewe mama unajua, lakini kwa wengine: presha haiumi. Pima ukiwa umekaa dakika tano, mkono usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Ikirudia 140/90 au zaidi siku tofauti, omba pia kipimo cha kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu na protini kwenye mkojo. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha hali ya figo.

Aliwahi kuimba Afrika? (Msomaji, Muscat)

Ndiyo. Tarehe 6 Machi 1971 aliimba Accra, uwanja wa Black Star, siku ya uhuru wa Ghana, kwenye tamasha la Soul to Soul pamoja na Wilson Pickett na Santana. Lilipigwa filamu, kwa hiyo unaweza kumwona mwenyewe.