Maswali Unayoulizwa Kabla ya Kupimwa Mlango wa Kizazi

Ulianza kujamiiana ukiwa na umri gani? Umezaa mara ngapi? Mimba ya kwanza uliibeba lini? Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Unavuta sigara? Umepima VVU?

Hayo ndiyo maswali mwanamke anayoweza kuulizwa anapokwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na nimeona wenzangu wakiyajibu wameinamisha macho, maana yanasikika kama mashtaka. Mimi nilizaa mtoto wa kwanza kabla ya kutimiza miaka 20, nimezaa wanne, na vidonge vya uzazi wa mpango nilivimeza miaka mingi. Mwanamume nimemjua mmoja tu, mume wangu. Kipimo kilionyesha mabadiliko ya awali, yale ambayo yakiachwa huweza kugeuka saratani. Nikatibiwa, nikapona. Sasa namwandikia mwanamke ambaye amesoma orodha ya vihatarishi, akajiona humo mara tatu au nne, na hofu ikamfanya asiende kupima.

Dada yangu, kwanza ujue kwamba karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Bila kirusi hicho, uzazi na vidonge peke yake havileti ugonjwa huu. Kirusi huambukizwa kwa kujamiiana na kwa kugusana ngozi za sehemu za siri, na watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani bila kujua, kwa kuwa hakiumi wala hakiwashi. Mwili wenyewe hukiondoa kwa walio wengi, mara nyingi ndani ya miaka miwili. Shida huwapata wachache ambao kirusi hung'ang'ania mwilini mwao. Kipo cha aina nyingi, lakini aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Hata kikigoma kutoka, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla seli zilizoharibika hazijawa saratani.

Muda huo mrefu ndio nafasi yetu ya kujiokoa. Pia ndio sababu nasema usimgombeze mume, wala usikubali kugombezwa, kwa sababu ya majibu ya HPV. Kirusi kinaweza kukaa kimya miaka mingi, na mwanamke mwenye mume mmoja maisha yake yote anaweza kukipata kwa mume huyo huyo, ambaye huenda alikibeba tangu kabla hawajajuana. Kipimo hakisemi nani alikileta wala lini. Nimeona majibu haya yakileta ugomvi mkubwa nyumbani bila sababu yoyote.

Ugonjwa huu umefungamana na aibu kwa muda mrefu sana. Mwaka 1842 tabibu wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alipekua kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona akaona kwamba saratani ya kizazi ilikuwa nadra kwa watawa kuliko kwa wanawake walioolewa. Ilipita zaidi ya karne kabla Mjerumani Harald zur Hausen hajaonyesha kwamba HPV ndicho chanzo, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kwa miaka yote hiyo tabia ya mwanamke ilibebeshwa lawama, na lawama hiyo bado inatukwamisha mlangoni mwa kliniki.

Basi hayo maswali yana kazi gani? Yanamsaidia mhudumu kukadiria uwezekano wa wewe kukutana na kirusi, na wa kirusi kushindwa kutoka. Anayeanza kujamiiana akiwa binti mdogo huwa katika hatari zaidi kwa sababu seli za mlango wa kizazi katika umri huo bado zinabadilika na huingiliwa kwa urahisi. Wapenzi wengi, wako au wa mwenzi wako, huongeza nafasi ya kuambukizwa. Aliyebeba mimba kamili ya kwanza kabla ya miaka 20 yuko kwenye hatari kubwa kuliko aliyesubiri hadi 25, na waliozaa mara tatu au zaidi nao hatari yao iko juu. Wataalamu wanadhani mabadiliko ya homoni na kupungua kwa kinga wakati wa ujauzito vina mchango. Hakuna kati yetu anayeweza kurudi nyuma kuyabadili haya. Watoto wangu wanne wapo na siwajutii. Historia hiyo ipeleke kwa mhudumu, umweleze yote.

Vidonge ndivyo ninavyoulizwa zaidi. Ni kweli kwamba kuvitumia miaka mitano au zaidi huongeza hatari, na kadiri muda unavyorefuka ndivyo inavyopanda. Ukiacha, hatari hushuka taratibu, na baada ya miaka kama 10 hurudi karibu sawa na ya asiyewahi kuvitumia. Lakini tafadhali usivitupe leo kwa woga ukabaki na mimba usiyoipanga. Vidonge hivyo hivyo hupunguza saratani ya ovari na ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Zungumza na mtoa huduma mpime faida na hasara pamoja. Zipo njia nyingine, na kwa kitanzi tafiti zimeonyesha kwamba watumiaji wake hupata saratani ya mlango wa kizazi kwa kiwango kidogo zaidi.

Sigara ni jambo jingine, na hapa sina upole. Kemikali za tumbaku zimekutwa hadi kwenye ute wa mlango wa kizazi, ambako huharibu seli na kudhoofisha kinga ya mahali hapo. Mvutaji yuko kwenye hatari karibu maradufu. Iache.

Anayeishi na VVU anahitaji uangalizi wa karibu kuliko sisi wengine. Hatari yake ni takriban mara sita, na ile miaka 15 hadi 20 inaweza kufupika ikawa 5 hadi 10 iwapo kinga imeshuka bila matibabu. Kumeza dawa za kufubaza virusi bila kukosa ni kinga, na Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kupimwa akiwa na miaka 25, wengine 30. Kondomu hupunguza maambukizi ya HPV ingawa haizuii yote, kwa kuwa haifuniki ngozi yote. Kuosha uke kwa dawa au kujiingizia mitishamba hakukiondoi kirusi.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Wapo wanaochukua majimaji kwa brashi laini kutafuta HPV au seli zilizobadilika, na wapo wanaopaka siki iliyozimuliwa na kutazama kama sehemu fulani itageuka nyeupe. Nilihisi kubanwa kidogo, si maumivu. Matibabu ya mabadiliko ya awali yalikuwa ya kuunguza sehemu hiyo kwa joto, nikarudi nyumbani siku ileile, nikaambiwa nisijamiiane kwa wiki kadhaa na nirudi baada ya mwaka kupimwa tena. Marudio hayo usiyaruke.

Usisubiri dalili, kwa sababu mabadiliko ya awali hayana dalili. Ila ukitokwa damu baada ya kujamiiana, kati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya hedhi kukoma, nenda mara moja, hata kama ulipimwa juzi ukaambiwa uko salama.

Kwa wenye mabinti, chanjo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla hawajaanza kujamiiana, hasa kati ya miaka 9 na 14. Mabinti zangu wamechanjwa. Watapimwa pia wakifikia umri, kwa kuwa chanjo haigusi kila aina ya HPV.