Mwalimu aliyelikata neno "amekasirika" daftarini mwangu

Zoezi langu la kwanza katika somo la tabia za wanyama lilikuwa kukaa nusu saa nikiwatazama njiwa. Niliandika: "Dume amekasirika, anamfukuza mwenzake." Mwalimu wangu alilikata neno "amekasirika" kwa kalamu, kisha akauliza, "Hasira umeionea wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanirudisha kwa njiwa walewale. Safari hii niliandika nilichokiona tu: amevimbisha shingo, ameinamisha kichwa, amejizungusha, amemwandama mwenzake hatua kwa hatua. Niliporudia kusoma, na baada ya kuuliza na kufungua vitabu, nikatambua kwamba yule "mwenzake" alikuwa jike, na dume alikuwa anamtongoza. Neno moja nililoliwahisha lilikuwa limenificha tukio zima. Siku ile ndipo nilipojua nataka kusomea nini.

Ndiyo maana mwanafunzi akiniuliza achague chuo gani, mimi humuuliza kwanza ni nani atakayemsahihishia daftari. Katika fani hii mwalimu hukurithisha macho yake. Jane Goodall, mtafiti maarufu wa sokwe, alipofika Gombe, Tanzania, mwaka 1960 hakuwa na shahada. Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, ndiye aliyemwamini akamtuma. Baadaye, akisomea shahada ya uzamivu Cambridge, msimamizi wake Robert Hinde alimkataza kuandika kwamba sokwe Fifi alikuwa na wivu, kwa sababu hangeweza kulithibitisha. Akamshauri aandike kwamba Fifi alitenda kwa namna ambayo, kama angekuwa mtoto wa binadamu, tungesema ana wivu. Naupenda sana usahihisho huo. Hinde hakumlazimisha akane alichokiona. Alimfundisha kukisema kwa namna ambayo wakosoaji wasingeweza kukibomoa.

Mwalimu mwingine wa kutazama ni Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch. Mwaka 1963 alipanga maswali manne ya kuuliza juu ya tabia yoyote: nini kinaisababisha sasa, inakuaje katika maisha ya mnyama, inamsaidiaje kuishi na kuzaa, na ilitokana na nini katika historia ya ukoo wake. Jaribu kumuuliza njiwa wangu maswali hayo manne. Utapata kazi ya miaka.

Kwa hiyo, kabla hujajifunga kwa msimamizi, mpelekee kurasa mbili za uchunguzi wako. Akikusifu tu, endelea kutafuta. Akikuuliza ulijuaje, ulihesabu vipi, nani mwingine aliona, kaa hapo hata kama anakuumiza. Na umwangalie pia anavyokuuliza, maana wapo wanaouliza ili kumvunja mtu, na nimeona wenzangu wenye vipaji wakiiacha fani kwa sababu hiyo. Inaniuma mpaka leo.

Wangu hakuwa hivyo. Wiki iliyofuata alikuja na daftari lake, akaketi kando yangu, tukawatazama njiwa wale dakika kumi bila kusemezana, kisha tukalinganisha. Mimi nilikuwa nimeandika midonoo saba. Yeye alikuwa na mitano, akaniomba nimweleze ile miwili niliiona lini.