Wasomaji Wauliza: Tovuti ya Asasi na Fedha za Wachangiaji

Swali: Tovuti yetu ilitengenezwa na kijana aliyejitolea miaka minne iliyopita. Siku hizi hapatikani kwa urahisi, na jina la tovuti aliliandikisha kwa barua pepe yake binafsi. Tunataka kujenga upya na kuanza kupokea michango. Tuanzie wapi? (Katibu wa asasi)

Jibu: Anzieni kwenye jina, kabla ya kugusa rangi wala picha. Hicho mnachokiita tovuti ni vitu vitatu vinavyoweza kuwa mikononi mwa watu watatu: jina la kikoa (anwani ambayo watu huandika kuifungua), nafasi kwenye seva (kompyuta inayoihifadhi), na yaliyomo. Seva nyingine mtaipata leo hii. Yaliyomo mtayaandika upya. Jina likipotea, kila kipeperushi, kila kiungo na kila anwani ya barua pepe ya asasi vinakwenda nalo.

Fungueni lookup.icann.org, andikeni jina lenu, na mtaona msajili ni kampuni gani na tarehe ya mwisho ni lini. Jina la mmiliki mara nyingi hufichwa kwa ajili ya faragha; lisiwatishe. La kuangalia ni kwamba msajili humtambua aliyeandikwa, si aliyetoa fedha, hivyo cheti cha usajili wa asasi peke yake huenda kisitoshe. Kwa sababu hiyo msianze na barua ya wakili. Mtafuteni huyo kijana kwa upole, mwombeni mambo mawili yasiyozidi dakika kumi: afungue kufuli inayozuia jina kuhamishwa na awatumie msimbo wa uhamisho, yaani neno la siri la kulihamishia kwenye akaunti yenu. Mfanye hivyo mapema. Jina la .org likiisha muda kisha likafutwa, zipo siku 30 za kulikomboa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Zikipita, siku chache baadaye yeyote anaweza kulichukua.

Mkishalipata, akaunti ya msajili ifungueni kwa barua pepe ya cheo inayofikiwa na viongozi wawili, lakini isiwe ya jina hilohilo la tovuti. Wengi hunaswa hapa. Jina likisimama, barua pepe zake nazo husimama, na kiungo cha kubadili nenosiri kinatumwa kwenye sanduku ambalo halipo tena.

Kuhusu yaliyomo: kama tovuti ni ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, msiridhike na kunakili mafaili. Maandishi yote yamo kwenye hifadhidata. Mafaili bila hifadhidata ni nyumba bila vyombo. Picha ziko ndani ya folda ya wp-content/uploads. Chukueni vyote viwili siku moja.

Swali: Wachangiaji watatu wamekatwa fedha na benki zao, na kwenye akaunti ya kampuni ya malipo tunaziona. Ila kwenye tovuti michango hiyo imeandikwa "inasubiri", na hakuna aliyepata risiti. (Mweka hazina)

Jibu: Fedha ziko salama, kilichokatika ni mawasiliano. Mchangiaji akishalipa, habari inaweza kurudi kwenye tovuti kwa njia mbili. Ya kwanza ni kivinjari chake kumrudisha kwenye ukurasa wa shukrani. Hii si ya kutegemea: mtu hufunga simu mara tu anapoona ujumbe wa benki, na tovuti haijui lolote. Ya pili ni seva ya kampuni ya malipo kuipigia hodi seva yenu moja kwa moja na kusema muamala fulani umekamilika. Mafundi huiita webuhuki, na ndiyo inayopaswa kubadilisha "inasubiri" kuwa "imelipwa".

Ingieni kwenye akaunti ya malipo, sehemu ya webuhuki, msome orodha ya zilizoshindwa na namba ya kosa pembeni. Mkiona 301, anwani mliyosajili ni ya zamani: tovuti imehamia https au imeongezewa www, na ujumbe unaelekezwa kwingine. Mtu akielekezwa hufuata. Stripe, kampuni mojawapo ya malipo, haifuati, huhesabu kuwa imeshindwa. Mkiona 403, kuna plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya ulinzi inayomzuia mgeni isiyemjua. Mkiona 400, mara nyingi ufunguo wa siri wa kuthibitisha saini ya ujumbe haufanani pande zote mbili, jambo linalotokea sana pale ufunguo wa majaribio unapoachwa kwenye tovuti halisi.

Rekebisheni, kisha zitumeni upya zile zilizoshindwa kutoka hukohuko. Stripe hujaribu yenyewe kwa muda wa hadi siku 3, za zamani zaidi itabidi mzisukume kwa mkono. Kabla ya hapo hakikisheni programu yenu inatambua namba ya muamala, maana ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili na mchangiaji akapata risiti mbili kwa mchango mmoja.

Risiti zikianza kutoka lakini zikatua kwenye barua taka, tatizo ni jingine. Seva ya tovuti inatuma kwa jina lenu bila kibali. Wekeni kwenye mipangilio ya jina la kikoa rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kuwa barua kweli imetoka kwenu, halafu ya DMARC, inayosema barua isiyothibitishwa ifanyweje. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamebana masharti haya, na hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na angalau moja kati ya mbili za kwanza.

Swali: Fundi anataka kuhifadhi namba za kadi kwenye hifadhidata yetu ili mchango wa kila mwezi ujikate wenyewe. Ni sawa?

Jibu: Hapana, na tungemtilia shaka fundi huyo. Namba ya kadi isipite kwenye seva yenu hata sekunde moja. Tumieni ukurasa wa malipo wa kampuni yenyewe, au fomu yake iliyopachikwa ndani ya ukurasa wenu. Kwa mchango wa kila mwezi kampuni huwapa tokeni, yaani alama inayowakilisha kadi na isiyomfaa mwizi popote pengine. Zile tarakimu za usalama za nyuma ya kadi, kanuni za usalama wa kadi ziitwazo PCI DSS zinakataza kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa, hata zikiwa zimesimbwa.

Swali: Jana usiku tumepata majaribio ya michango zaidi ya mia nne, yote midogo mno, mengi yamekataliwa. Tufurahi?

Jibu: Msifurahi. Hao ni wezi wanaopima kadi za wizi. Fomu ya mchango wanaipenda kuliko duka: kiasi wanajipangia, hakuna mzigo wa kusafirisha, na hakuna anayeuliza anwani. Kadi ikipita kwenu, wanakwenda kuitumia kwingine kwa kiasi kikubwa. Nanyi mnabaki na ada za kila jaribio, na baadaye wenye kadi wakilalamika benki huwarudishia fedha zao na kuwatoza ninyi faini juu yake. Malalamiko yakizidi, kampuni ya malipo inaweza kufunga akaunti yenu.

Zimeni fomu kwa saa chache. Michango iliyokubaliwa rudisheni yote leo, msisubiri mwenye kadi alalamike. Kurudisha mapema ni nafuu kuliko kudaiwa. Kabla ya kuiwasha tena wekeni kiwango cha chini cha mchango, kapcha (jaribio dogo la kutambua kuwa ni mtu, si programu), na kikomo cha majaribio kwa kila anwani ya mtandao ndani ya saa moja. Washeni pia uthibitisho wa 3-D Secure, ule unaomtaka mwenye kadi akubali kupitia benki yake. Utawapunguza wachangiaji wachache wasio na subira, kwa maoni yetu ni hasara inayovumilika.

Na tazameni jina linaloonekana kwenye taarifa ya benki ya mchangiaji. Likiwa ni kifupisho kisichoeleweka, hata mtu aliyechanga kwa hiari atadhani ameibiwa. Nafasi ni finyu, kwa Stripe herufi 5 hadi 22, kwa hiyo andikeni jina ambalo watu huwaitia.

Swali: Tumeweka kisanduku cha "nitalipia ada", lakini bado tunapokea pungufu kidogo. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu ada inakatwa pia kwenye ile nyongeza. Tuseme ada ni asilimia 3 pamoja na 50 za kudumu, na mchango ni 1,000. Ada ni 80. Mkimtoza mchangiaji 1,080, ada inakuwa 82.40, mnabaki na 997.60. Njia sahihi ni kujumlisha mchango na ile 50, kisha kugawanya kwa 0.97: inakuja 1,082.47, na 1,000 yenu inabaki kamili.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha michango midogo inavyoliwa na ile 50. Anayetoa 1,000 kila mwezi anakatwa 960 kwa mwaka. Angetoa 12,000 kwa mkupuo angekatwa 410. Hata hivyo msimkataze wa kila mwezi. Anayetoa kidogokidogo kwa miaka mitano ana thamani kuliko wa mara moja. Mpeni tu chaguo la robo mwaka.

Swali: Mchangiaji tusiyemfahamu ametuma kiasi kikubwa, kisha ameandika kuwa amekosea sifuri moja na anaomba tofauti irudishwe kwenye akaunti nyingine.

Jibu: Msimtumie chochote kwenye akaunti hiyo. Kadi huenda si yake. Mwenye kadi atadai benki irudishe mchango wote, nanyi mtakuwa mmeshatoa tofauti kutoka mfukoni. Rudisheni mchango mzima kwa kitufe cha kurejesha ndani ya akaunti ya malipo, uende kwenye kadi ileile iliyotumika. Kama ni mkweli, atachanga upya kiasi alichokusudia.