Kabla hujawapaka rangi abiria wa treni ya mfano, wakalishe kwanza

Mchana unaweza usione kasoro ya behewa lisilo na abiria. Ngoja usiku, uzime taa ya chumba, uwashe zile za ndani ya treni. Madirisha yanawaka moja baada ya jingine, na nyuma ya kila dirisha kuna kiti kitupu. Treni nzima inaonekana kama inarudishwa karakana. Hilo ndilo lililonifanya nianze kupandisha watu kwenye treni zangu za mfano, na leo nina mabehewa 11 yenye abiria. Ninaandika haya ili wewe unayeanza usipoteze muda pale nilipoupoteza mimi.

Behewa la kwanza nililianza kinyume. Nilichukua visanamu vilivyokaa, nikavipaka rangi wiki nzima, mpaka vifungo vya mashati, ndipo nikafungua behewa nivikalishe. Havikuingia. Magoti yaligonga kiti cha mbele. Waliobahatika kukaa, vichwa vyao vilipita juu ya dirisha, kwa hiyo ukitazama kwa nje unaona vifua visivyo na nyuso. Na paa likakataa kufunga.

Nilidhani nimeuziwa skeli isiyo sahihi, lakini nilipopima nikakuta vipimo viko sawa. Skeli ya treni za mfano iitwayo HO ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi, kwa hiyo mtu wa mita 1.75 anakuwa na milimita 20 akisimama. Kwenye skeli ndogo zaidi ya N, ambayo ni 1:160, anabaki na milimita 11. Tatizo lilikuwa behewa lenyewe. Chini ya viti kuna kipande cha chuma cha kuongeza uzito, kuna nyaya, na kuna nafasi ya magurudumu kugeuka kwenye kona. Mara nyingi vitu hivyo huinua sakafu kupita ilivyo kwenye behewa halisi, na viti vinapanda nayo. Ndiyo maana hata kisanamu kilichotengenezwa kwa kipimo kamili, kama vile vya kampuni ya Preiser, kinaweza kukaa juu mno. Kwa sababu hiyohiyo, ndani ya behewa la HO visanamu vya 1:100 vinafaa sana. Nje, kwenye jukwaa la stesheni, vitaonekana vifupi, lakini kitini hakuna atakayevigundua.

Basi usifungue rangi kwanza. Chukua kisanamu kimoja, kikalishe, rudisha bodi, yaani ganda la behewa lenye madirisha, juu yake, kisha inama mpaka macho yako yawe sawa na reli. Mabega yawe kwenye ukingo wa chini wa dirisha au juu yake kidogo tu, na uso uwe katikati ya kioo. Akizidi, kata miguu chini ya magoti. Akizidi tena, weka msasa mezani, umsugue makalio juu yake kwa mzunguko mpaka ashuke, maana ukisugua kwa mkono hewani anatoka upande. Mwanzoni kukata miguu kuliniuma, kwa sababu ni kazi nzuri ya mtu mwingine. Lakini abiria wa treni huonekana kuanzia kifuani kwenda juu tu. Huyo wa kwanza akikaa sawa, mtumie kuwapimia wenzake wa behewa hilo. Usimpeleke kwenye behewa la aina nyingine, kwa kuwa sakafu hutofautiana kati ya aina na aina.

Rangi, ukishafika hapo, ni kazi nyepesi. Piga praima ya kijivu, kisha akriliki nyembamba. Kioo na kivuli cha paa hula mwanga, kwa hiyo nguo na ngozi zipake rangi angavu zaidi kidogo ya unavyodhani inafaa. Changanya rangi za ngozi zaidi ya moja. Nguo nyingi ziwe za kijivu, kahawia na bluu iliyoiva, halafu mtu mmoja au wawili wavae nyekundu au njano. Macho usiyachore kabisa. Kahawia nyeusi iliyozimuliwa kwa maji, ukiipitisha usoni, hujikusanya yenyewe chini ya nyusi na kwenye mikunjo ya shati, na uso unatokea.

Kwenye gundi nakusihi unisikilize. Nilibandika behewa zima kwa supagluu, nikalifunga jioni ileile. Asubuhi madirisha yote yalikuwa na ukungu mweupe upande wa ndani, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na haukufutika. Ni mvuke wa ile gundi uliokosa pa kutokea, ukatua kwenye plastiki angavu. Tangu siku hiyo natumia gundi nyeupe ya mbao, tone moja kwa ncha ya kijiti cha meno. Inakauka polepole, kwa hiyo unapata nafasi ya kumgeuza mtu, na ukibadili mawazo unaweza kumng'oa bila kuharibu kiti. Behewa liache wazi usiku kucha.

Visanamu vya plastiki havilemei treni. Vya chuma viogope, kwani uzito wao unakaa juu, na behewa huyumba kwenye kona.

Raha yenyewe iko kwenye kuwapanga. Usijaze kuanzia mwisho mmoja kwenda mwingine. Watu wasiojuana hukimbilia dirishani na kuachiana nafasi, familia hukaa pamoja, na kwenye treni za mjini wengine husimama karibu na milango hata viti vikiwepo. Mimi huweka watu kwenye theluthi moja ya viti, mara chache nusu. Kuna mama mmoja nilimkata chini kwa mshazari, akalala upande, paji la uso likagusa kioo. Kazi hiyo ilichukua dakika mbili, lakini kila mgeni anayeitazama treni hiyo ikipita huuliza kama yule mama amesinzia.

Kabla ya kurudisha paa, futa vioo kwa ndani na uwashe taa. Hakikisha hakuna kichwa kinachogusa utepe wa taa wala waya wake. Wanaosimama ndio wasumbufu hapo, na mara nyingi dawa yao ni kuwapunguza nyayo.