Masika si likizo: jibu kwa swali la wiki

Swali la wiki liliuliza kama mtu anayekimbia au kuendesha baiskeli kwa ajili ya afya na mashindano ya kawaida apumzike mvua za masika zinapoanza. Mimi ni mkazi wa Moshi, na jibu langu ni kwamba asipumzike, bali abadilishe njia.

Mji wetu umejaliwa katika jambo hili. Ukielekea kaskazini unapanda mlima kupitia Kibosho au Mweka, na ukielekea kusini unateremka hadi tambarare ya mashamba ya miwa ya TPC, kampuni ya sukari. Msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali kule kwenye miwa, ambako zao lenyewe hutegemea umwagiliaji, mvua ni kama robo ya kiasi hicho. Ndiyo maana mwezi Aprili, wakati njia za udongo zinazopita katikati ya migomba na kahawa huko Kibosho zimekuwa utelezi mtupu, na tope jekundu limeganda kwenye soli hadi kiatu kinakuwa kizito, barabara ya lami ya kwenda TPC bado inakimbilika. Mwenye baiskeli asishawishike kuiacha lami hiyo, kwa sababu udongo mzito wa tambarare ukilowa hunata kwenye tairi, hujaa chini ya madigadi, na gurudumu hukataa kuzunguka.

Januari na Februari mambo hugeuka. Tambarare huwaka joto mapema asubuhi, na hapo ndipo barabara ya Mweka inapofaa, kwa kuwa kila unavyopanda hewa inapoa na vivuli vinaongezeka. Barabara hiyohiyo ndiyo inayowatoa jasho washiriki wa Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003 na ambazo kwa kawaida hufanyika karibu na mwisho wa Februari. Anayeanza mazoezi baada ya Krismasi huufikia mlima ule akiwa na pumzi ya wiki chache tu. Pumzi ya kuupanda hujengwa masika na kipupwe, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo mawingu na ubaridi humwezesha mtu kukimbia umbali mrefu bila kuchoshwa na jua.

Hapa nina ombi kwa viongozi wa klabu za jogingi. Wanachama hujaa mbio zinapokaribia, fulana mpya zikashonwa, kisha mwezi Machi, mvua zinapoanza, wengi hupotea. Klabu ikitangaza mapema njia yake ya masika na saa ya kukutana, mwanachama mgeni hatabaki nyumbani akidhani mazoezi yamesitishwa.

Waendesha baiskeli wajihadhari zaidi wanaporudi kutoka Kibosho au Mweka. Rimu ikilowa, breki za mpira huchelewa kushika, kwa hiyo zibonyezwe kidogo kidogo tangu juu ili kufuta maji, badala ya kusubiri kona. Mnyororo nao ufutwe na kupakwa mafuta siku hiyohiyo, kwani mchanga ukiachwa usiku kucha huula.

Radi ikinguruma, au maji yakivuka barabara kwa kasi, safari iahirishwe. Manyunyu ya kawaida hayatoshi kuwa sababu.