Wakati wa kitenzi unaporipoti maneno ya mtu kwa Kiingereza

Miaka michache iliyopita, nikiwa karani katika kampuni moja ya usafirishaji jirani na bandari ya Dar es Salaam, dereva wetu alinipigia simu jioni akaniambia, "Gari limeharibika hapa Chalinze." Usiku huohuo fundi alilitengeneza na safari ikaendelea. Asubuhi nikamwandikia mteja aliyekuwa nje ya nchi: "The driver said that the lorry has broken down at Chalinze." Mteja aliposoma "has" alielewa kwamba gari bado limekwama, akaanza kutafuta gari jingine la kuhamishia mzigo wake, nasi tukashinda kwenye simu tukimwomba radhi.

Sentensi yangu ilikuwa Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Tunaposema "dereva alisema gari limeharibika", ile "-me-" huhesabiwa kuanzia pale dereva alipozungumza, na hatuhitaji kuigusa. Kiingereza huhesabu kuanzia pale anaporipoti mwandishi. Ningeandika "had broken down", habari ingebaki kwenye jioni ya jana, kisha sentensi ya pili ingeeleza kwamba gari limeshatengenezwa.

Shuleni tulifundishwa kurudisha kitenzi hatua moja nyuma: "is" iwe "was", "has" iwe "had", "will" iwe "would". Kwenye mtihani ishike kanuni hiyo bila kusita. Kazini, hata hivyo, nakushauri utangulize swali hili: je, saa hii ninapoandika, jambo hilo bado liko vilevile? Mteja akiahidi leo asubuhi kulipa Ijumaa, na Ijumaa haijafika, "He said that he will pay on Friday" ni sahihi, na "would" pia inakubalika. Ijumaa ikishapita, andika "would". Usiichukulie "would" hiyo kuwa ni "-nge-" ya masharti, kwani hapo ni "will" iliyorudishwa nyuma tu. Jambo la kudumu, kama urefu wa Kilimanjaro wa mita 5,895, linaweza kubaki na "is". Kitenzi cha kuripoti kikiwa "says", vingine havibadiliki.

Penye kuhitaji uangalifu zaidi ni "had" juu ya tendo lililokwisha kupita. "He said that the ship docked on Monday" inatosha, maana Jumatatu imeshatuonyesha wakati. Lakini "He said that the clerk left when he arrived" ina maana kwamba karani aliondoka yeye alipofika, ilhali "had left" ina maana kwamba alikuta karani ameshaondoka. Malalamiko ya mteja yanaweza kusimama au kuanguka kwa neno hilo moja.

Kuhusu siku, Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa sisi wenyewe husema "aliahidi kuja kesho yake", na Kiingereza nacho hudai "the next day". Ukiacha "tomorrow" katika muhtasari wa kikao cha wiki iliyopita, msomaji ataihesabu kuanzia siku anayousoma.