Maswali ya Wasomaji: Mkristo na nadharia hakiki

Safari hii tumejibu barua zinazogusa haki ya kijamii na nadharia hakiki. Kwa wasioifahamu: ni mkondo wa fikra uliotokana na Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Frankfurt, Ujerumani, iliyoanzishwa 1923. Max Horkheimer aliupa jina katika makala yake ya 1937. Hoja yake ni kwamba kuieleza jamii ilivyo hakutoshi. Sharti uulize nani ananufaika nayo ikiwa hivyo. Nchini Marekani, wanasheria kama Derrick Bell na Kimberlé Crenshaw walijenga nadharia hakiki ya rangi, wakiuliza kwa nini pengo kati ya weusi na weupe lilibaki hata baada ya sheria za kibaguzi kufutwa.

Bwana Yesu asifiwe. Ibada yetu ya Kiswahili hufanyika katika jengo la Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la Kiprotestanti la Marekani, na wenyeji wetu bado wanalumbana juu ya azimio lao la 2019 kuhusu nadharia hakiki ya rangi. Lilisema nini hasa? — Mzee wa kanisa, Texas

Amina, mzee. Mkutano wao wa mwaka, Juni 2019, ulifanyika Birmingham, Alabama. Mchungaji mmoja wa California alipeleka rasimu ya kuilaani nadharia hakiki ya rangi. Kamati ikaiandika upya, na kilichopitishwa kama Azimio namba 9 kilisema nadharia hiyo itumike tu kama chombo cha uchambuzi kilicho chini ya Maandiko, isiwe mfumo wa kuielezea dunia nzima. Waliotaka laana wakaona wamezungukwa.

Mwishoni mwa Novemba 2020 wakuu wa seminari sita za Wabaptisti hao, wote weupe, walitoa tamko: wanaulaani ubaguzi wa rangi, lakini kuiunga mkono nadharia hiyo hakupatani na ungamo lao la imani. Baadhi ya wachungaji weusi wenye majina makubwa wakajiondoa. Mwaka 2021, huko Nashville, likapitishwa azimio jingine lililosisitiza utoshelevu wa Maandiko bila hata kuitaja nadharia kwa jina.

Kwa maoni yetu, azimio la 2019 halikuwa baya, lilipungukiwa mfano. Halikuonyesha chombo hicho kinakata wapi na kinaishia wapi, kwa hiyo kila upande ulijaza hofu zake. Tena jumuiya hiyo ilizaliwa 1845 katika ugomvi wa kama mwenye watumwa anaweza kutumwa kuwa mmisionari, na iliomba radhi rasmi mwaka 1995. Muumini mweusi anayesikia laana ya nadharia haraka kuliko toba ya matendo ana sababu ya kushtuka.

Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Basi "dhambi ya mfumo" inatoka wapi? — Mwalimu wa Biblia, Mwanza

Mwalimu, aya hiyo inazuia jambo moja: kumhesabia mtu hatia ya tendo ambalo hakulitenda. Anayesema kila mweupe ana hatia kwa sababu ya rangi yake anagongana nayo moja kwa moja, na pia na Walawi 19:15, inayokataza kumpendelea maskini wala kumheshimu mwenye nguvu katika hukumu.

Lakini hatia na madhara ni vitu viwili. Isaya 10:1-2 inawaonya waandikao sheria dhalimu, kwa maana dhuluma inaweza kukaa katika karatasi. Katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi hawakumshtaki mtu yeyote. Walionyesha pengo katika kanuni ya urithi, na Mungu akasema wana haki. Matendo 6 hatuambiwi nani aliwanyima chakula wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kigiriki. Mitume hawakuanza kumtafuta mchawi. Waligeuza utaratibu na kuweka watu saba, wote wenye majina ya Kiyunani, kuanzia Stefano hadi Nikolao wa Antiokia.

Tuchukue Marekani. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200, na mitaa ya weusi ikapakwa rangi nyekundu kama mitaa hatari kukopeshwa. Ubaguzi wa makazi ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1968. Karani wa benki wa leo anaweza kuwa hana chuki hata chembe, lakini mbele yake anaketi mjukuu wa mtu aliyenyimwa nyumba, asiye na cha kuweka rehani. Yohane Paulo II aliita hali za namna hii miundo ya dhambi katika waraka wake wa 1987, akisisitiza kwamba daima zina mizizi katika dhambi za watu binafsi. Hapo ndipo Mkristo anapoachana na wananadharia wengi: muundo hauna roho ya kutubu, watu wanayo.

Haki ya kijamii si lugha ya Wakomunisti? — Msomaji, Arusha

Hapana. Mjesuiti Luigi Taparelli aliitumia miaka ya 1840, na Papa Pius XI akaiweka katika waraka wake wa 1931.

Nataka kuongoza mjadala huu kwa vijana bila kuleta mpasuko. Nianzie wapi? — Kiongozi wa vijana, Nakuru

Usianze na nadharia, kiongozi. Anza na Nehemia 5:1-13. Watu wasizidi 12, dakika 90.

Dakika 30 za kwanza ni za kusoma na kuorodhesha malalamiko: chakula, mashamba yaliyowekwa rehani, kodi ya mfalme, watoto kuuzwa utumwani. Kisha ulizeni Nehemia alifanya nini kabla ya kukemea (aya ya 7: alitafakari kwanza), alijihesabu wapi (aya ya 10: yeye na ndugu zake nao walikopesha), na alidai kirudishwe nini (aya ya 11: mashamba, nyumba na ile sehemu ya mia, yaani riba).

Muda uliobaki ni wa lalamiko moja la kwenu, kwa mfano mjane kunyang'anywa shamba. Hati miliki ina jina la nani? Kikao cha ukoo kilikuwa na mwanamke? Kanisa lilimsindikiza kwa chifu au lilimwombea tu?

Mjadala huharibika kwa njia mbili. Mmoja husema "wewe ni mwanamume, huwezi kuelewa", na mlango unafungwa. Aliyeumia asikilizwe kwanza kwa sababu anajua mengi, ila maneno yake yapimwe kama ya wengine. Mwingine husema "tuhubiri injili tu", na mjane anarudi nyumbani bila shamba. Wa kwanza mwombe ushahidi, wa pili mpe Yakobo 2:15-16 aisome kwa sauti. Kabla ya sala ya kufunga, andikeni jina la atakayekwenda na mjane ofisi ya ardhi, na siku atakayokwenda.